Kufa Kiu Majini

Saa saba mchana, jua limesimama utosini, niliukuta mnyanya wangu umelegeza majani yote kama nguo iliyoanikwa bila kukamuliwa.

Nikaenda kuchota maji.

Kesho yake, saa ileile, hali ileile. Nikachota tena. Siku ya tatu sikungoja hata jua lipande. Kwa siku kumi hivi niliunywesha mmea ule kama dozi ya dawa, kutwa mara tatu, na kadiri nilivyounywesha ndivyo ulivyozidi kuinama. Majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Siku ya kumi na moja nikachomeka kidole kwenye udongo wa ndoo, na maji yakapanda yakauzunguka ukucha.

Udongo ni tope. Mmea una kiu.

Wiki sita sasa jambo hilo limenikaa kichwani. Nimesoma, nimeuliza watu, nimebishana na nafsi yangu nikiosha vyombo. Nilianza nikitaka kujua nilikosea wapi katika kumwagilia. Nimeishia kugombana na vitenzi.

## Ukilishika, ni laini?

Nina rafiki aliyesomea mimea. Nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, wenye historia yote ya mnyanya pamoja na mashaka yangu juu ya mbegu, mbolea na udongo. Alinijibu kwa sekunde kumi.

"Dada, niambie kitu kimoja tu. Ukilishika jani, ni laini?"

Sikuwa nimelishika. Siku kumi na moja nilikuwa nikiutazama mmea ule nikiwa nimesimama, kopo la maji mkononi, na sikuwahi kugusa jani hata moja. Nikatoka nje na tochi ya simu. Jani lilikuwa limejaa. Nililibonyeza, likasukuma kidole. Kilichopinda kilikuwa kikonyo chake, pale kinapoungana na shina, kimeshuka kama mwavuli ulioanza kufungwa.

"Ni gumu," nikamwambia.

"Basi halijanyauka. Limejiinamisha."

Yeye akaenda kulala. Mimi sikulala.

Kunyauka ni kama kupasuka, kama kuanguka, kama kuchakaa: jambo linakupata, wewe upo tu. Kujiinamisha kuna ile -ji- katikati, na silabi hiyo moja inadai kwamba yupo mtendaji. Tunasema mtu amejificha, amejizuia, amejifungia ndani. Je, mnyanya nao una haki ya kupewa -ji-? Au rafiki yangu alikuwa na usingizi, akasema neno lililokuwa karibu?

## Mlango mmoja, kazi mbili

Nianze na kunyauka kwenyewe, maana siku ya kwanza majani yale yalikuwa yamelegea kweli, nina hakika.

Jani halina mfupa. Kinacholisimamisha ni maji yaliyojaa ndani ya seli zake, yakisukuma kuta kwa nguvu ya nusu megapaskali hadi megapaskali moja, yaani mara mbili hadi nne ya upepo uliomo kwenye tairi la gari dogo. Maji yakipungua, msukumo unashuka na jani linalegea. Hiyo ni fizikia tupu, hakuna -ji- yoyote hapo.

Sababu ya maji kupungua ndiyo iliyonishangaza. Mmea unavuja kutwa nzima, na hauna njia ya kuishi bila kuvuja. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayonyonywa na mizizi hayabaki mwilini. Hutoka kama mvuke kupitia stomata, vitundu ambavyo hata vikiwa wazi huchukua asilimia moja au mbili tu hivi ya uso wa jani. Mchungaji wa Kiingereza, Stephen Hales, aliweka alizeti kwenye chungu, akakiziba, kisha akawa anaipima kwa mizani siku baada ya siku ili ajue ni maji kiasi gani yanapotelea hewani. Alichapisha hesabu zake mwaka 1727. Nampenda mtu huyo kwa sababu hakuwa na chombo chochote cha ajabu. Alikuwa na mizani na subira.

Mmea unakubali hasara hiyo kwa sababu vitundu hivyohivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ya ukaa, ambayo ndiyo malighafi ya chakula chake. Mlango ni mmoja. Ukiufungua ili ule, unavuja. Ukiufunga usivuje, unalala njaa. Kwa mimea mingi, molekuli moja ya hewa ya ukaa inayogeuzwa sukari hugharimu molekuli mia kadhaa za maji. Sijui mfanyabiashara ambaye angekubali bei hiyo.

Kila kitundu kimekaliwa na seli mbili zilizotazamana kama midomo. Asubuhi seli hizo hujijaza potasiamu, maji yanaifuata ndani, zinavimba, na kwa namna kuta zake zilivyojengwa, zikivimba zinapinda na kuachana. Mlango unafunguka. Ukame ukiingia, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka ndani ya jani, mara kumi na zaidi katika saa chache.

Jina la homoni hiyo, kwa njia, ni kosa la kihistoria. Miaka ya 1960 kikundi kimoja huko Marekani kilikuwa kikitafuta kinachoangusha matunda machanga ya pamba, na kingine huko Wales kikitafuta kinacholaza machipukizi ya miti wakati wa baridi. Wote wakaangukia kitu kilekile, na jina lililobaki likatokana na neno la kudondoka. Baadaye ikaja kuonekana kwamba kazi ya kudondosha ni ya homoni nyingine zaidi. Jina likabaki, kama majina ya utani yanavyobaki.

Namna homoni hii inavyofunga mlango ilieleweka vizuri kuanzia 2009, vipokezi vyake vilipotambuliwa. Ndani ya seli za mlangoni kuna vimeng'enya vinavyotaka kupiga mbiu ya hatari, na kuna vingine vinavyovinyamazisha muda wote. Homoni ikitua kwenye kipokezi, kipokezi kinawakamata hao wanyamazishaji. Wapiga mbiu wanabaki huru, wanafungua njia za chumvichumvi kutoka nje ya seli, maji yanazifuata, seli zinapwaya na midomo inakutana. Ni suala la dakika.

Kumbe seli mbili zinalegea ili jani zima lisilegee.

Nilipofika hapo niliiandika -ji- pembeni ya daftari, nikaiwekea alama ya kuuliza.

## Jua halizimwi

Makala nyingi nilizosoma huishia hapo: ukame, homoni, mlango, kwisha. Mimi nilikwama kwenye kinachofuata mlango ukishafungwa, kwa sababu ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini mmea hauwezi kujifungia tu mpaka mvua inyeshe.

Jua halizimwi. Mwanga unaendelea kumiminika kwenye klorofili, ile rangi ya kijani ya jani inayonasa mwanga, na hewa ya ukaa ya kuutumia mwanga huo haiingii. Kimeng'enya kinachokamata hewa ya ukaa, Rubisco, kina udhaifu mmoja wa zamani: hakiwezi kutofautisha vizuri hewa ya ukaa na oksijeni. Hewa ya ukaa ikiadimika, kinazidi kushika oksijeni, na mmea unalazimika kutumia nishati kurekebisha kosa hilo. Elektroni zilizochochewa na mwanga zikikosa pa kwenda nazo zinarukia oksijeni, zikazaa vitu vikali kama peroksidi ya hidrojeni, ileile inayopausha nywele, ndani ya jani lenyewe.

Juu ya hayo, ule mvuke uliokuwa ukitoka ndio uliokuwa ukilipoza jani. Mlango ukifungwa, joto la jani linapanda.

Kwa hiyo jibu moja linazaa matatizo matatu, na kila tatizo lina jibu lake. Jani hubadili aina moja ya rangi zake za njano kuwa nyingine, violaksanthini kuwa zeaksanthini, ndani ya dakika, na mwanga wa ziada unatupwa nje kama joto kabla haujaunguza mitambo. Vimeng'enya vya kuvunja peroksidi vinaongezwa. Protini za mshtuko wa joto zinaundwa, zikazishika protini nyingine zisikunjamane. Hizi zina asili ya kuchekesha: mwaka 1962 Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza nzi wadogo wa matunda waliopata joto kupita kiasi, akaona jeni zao zikiamka kwa namna isiyo ya kawaida. Walivyokuja kutafuta kwingine wakazikuta kwa mimea, kwa bakteria, na kwetu sisi.

Kilichonifanya niweke kitabu chini ni hiki: peroksidi, ile sumu, ikiwa kwa kiasi kidogo inatumika kama habari. Seli inaipokea kama dalili kwamba mambo ni magumu na inaanza kujiandaa. Uharibifu ndio unaopeleka taarifa ya uharibifu.

Nilikuwa nikiutazama mnyanya wangu kama mgonjwa. Mgonjwa hulala, wengine wakahangaika. Huyu alikuwa akihangaika mwenyewe, na mimi nikamwongezea kazi. (Naam, nimeandika "huyu". Mnyanya umeshaingia ngeli ya watu bila idhini yangu.)

## Mnyanya usioweza kujifunga

Halafu nikakutana na *flacca*.

Hiyo ni aina ya mnyanya yenye kasoro ya jeni, na jina lake ni Kilatini cha kulegea. Unanyauka hata udongo wake ukiwa na maji ya kutosha. Mwaka 1966 Moshe Tal alionyesha kwamba tatizo lake liko mlangoni: stomata zake hazifungi inavyopasa, hata mmea unapopungukiwa na maji. Mwaka 1970 yeye na mwenzake wakaripoti walichofanya baadaye. Waliupa mmea huo asidi ya absisiki, na ukaanza kuwa na umbo na mwenendo wa mnyanya wa kawaida.

Mmea umenyauka, udongo una maji, na dawa si maji.

Nilisoma sentensi hiyo nikacheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Kwa *flacca*, kunyauka kunatokana na kukosa uwezo wa kujibu. Seli zake ziko sawa, mizizi ipo, maji yapo; kilichopungua ni ile sauti ya kusema "funga". Na hapo nikaona kwamba msongo wenyewe na jibu la msongo ni vitu viwili mbalimbali. Ukame ni wa nje. Kinachoamua kama utaishi ni jibu, na jibu lina jeni zake, linaweza kuharibika peke yake, linaweza pia kutengenezwa peke yake.

Alama ya kuuliza kwenye daftari nikaifuta. Siku tatu baadaye nikairudisha.

## Barua kutoka chini

Niliirudisha kwa sababu ya swali ambalo mtoto angeuliza: jani linajuaje kwamba udongo umekauka?

Unaweza kusema linajua kwa sababu maji hayafiki. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la miche ya mitufaha. Waliigawa mizizi ya kila mche kwenye vyombo viwili, wakamwagilia kimoja, kingine wakakiacha kikauke. Nusu ya mizizi ilikuwa na maji, lakini majani yakapunguza kukua. Kisha wakafanya jambo ambalo sikulitarajia: wakaikata ile mizizi iliyokuwa kwenye udongo mkavu.

Majani yakarudi kukua.

Lisome tena jaribio hilo polepole. Mizizi imepungua, na mmea umechangamka. Kama shida ingekuwa maji kutofika, kukata mizizi kusingesaidia kitu. Mizizi ile ilikuwa ikipeleka habari mbaya juu, na alipokatwa mleta habari, juu wakatulia.

Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba habari hiyo ni asidi ya absisiki yenyewe, inatengenezwa mizizini, inapanda na maji hadi kwenye jani. Maelezo mazuri, yamekaa sawasawa. Mwaka 2002 Michele Holbrook na wenzake wakayajaribu kwa kubebesha: shina la mnyanya wa kawaida juu ya mizizi ya mnyanya usioweza kutengeneza homoni hiyo vizuri. Udongo ukakaushwa. Stomata zikafungwa kama kawaida.

Mizizi haikuwa na homoni ya kutosha kuituma, na barua bado ilifika.

Mwaka 2018 watafiti wa Japani walionyesha, kwa mmea mdogo wa maabara uitwao *Arabidopsis*, kipande kifupi cha protini kinachoitwa CLE25, chenye asidi amino 12 tu, kinachotoka mizizini udongo ukikauka, kinapanda hadi majani, na huko ndiko kinakoamsha utengenezaji wa asidi ya absisiki. Barua ni moja, kengele ni nyingine, na kila kimoja kina mahali pake.

Sasa -ji- imwendee nani? Mizizi haikufunga mlango. Jani halikuonja udongo. Hakuna seli moja katika mmea mzima iliyojua habari yote kisha ikaamua. Nikisema "mmea umejifunga", ninalipatia kundi la seli zisizofahamiana jina la mtu mmoja. Lakini nikijitazama mwenyewe, aliyeamua kuchota maji kutwa mara tatu alikuwa nani? Mkono? Macho? Lile kundi la seli kichwani ambalo nalo hakuna hata moja iliyojua mnyanya ni nini?

Sikupenda swali lilipoelekea. Nikarudi kwenye ndoo.

## Ndani ya ndoo

Nilipoupindua mmea, harufu ilitangulia. Matundu ya chini ya ndoo yalikuwa yamezibwa na udongo mfinyanzi ulioshikana. Mizizi ya chini ilikuwa ya kahawia, ikivutwa inavuka ganda kama soksi iliyolowa.

Mizizi hupumua. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000, kwa hiyo udongo uliojaa maji unaishiwa oksijeni upesi. Seli ya mzizi ikikosa oksijeni inaingia kwenye uchachushaji, na sukari ileile iliyokuwa ikitoa vipande zaidi ya 30 vya nishati inatoa viwili. Ndani ya seli asidi inapanda, na asidi hiyo inafunga vijia vya maji vilivyo kwenye utando wa seli. Kuanzia hapo mizizi imeoga maji na haiwezi kuyanywa.

Kiu yangu ya kusaidia ndiyo iliyoipa kiu.

Na kule kuinama? Hapo ndipo penye hadithi niipendayo kuliko zote, na kwa bahati ilifanyiwa kazi kwenye mnyanya. Homoni inayohusika ni ethilini, ambayo ni gesi. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, huko Saint Petersburg, aligundua kwamba ndiyo iliyokuwa ikipotosha miche yake ya njegere: ilikuwemo kwenye gesi ya taa za maabara. Mmea huitengeneza wenyewe pia, na hatua ya mwisho ya kuitengeneza inahitaji oksijeni. Mizizi iliyozama inaanza kazi, inafika hatua moja kabla ya mwisho, inakwama. Mwaka 1980 Kent Bradford na Shang Fa Yang walionyesha kwamba kile kitu cha nusu njia, kiitwacho ACC, kinapanda na maji hadi kwenye majani, na kule juu, kwenye oksijeni tele, kinakamilishwa kuwa ethilini. Seli za upande wa juu wa kikonyo zinakua kuliko za chini. Kikonyo kinapinda kuelekea chini.

Kuinama kule, basi, ni kukua. Kile nilichokiona kama kuishiwa nguvu ni seli zilizotumia nguvu kurefuka. Jani lililoinama linapokea jua kidogo zaidi la mchana na kupoteza maji kidogo zaidi, jambo la maana kwa mmea ambao mizizi yake imeacha kunywa.

Ethilini hiyohiyo kwenye mpunga hutoa majibu mawili yanayopingana. Mpunga wa maji marefu ukizamishwa, hurefusha shina lake hadi sentimita 25 kwa siku moja ili kichwa kibaki juu ya maji. Aina nyingine, kutoka India, ina jeni iitwayo *Sub1A*, iliyotambuliwa 2006. Ikizama inafanya kinyume chake kabisa, inaacha kukua, inabana sukari yake, na kungoja wiki mbili hivi maji yapungue. Mafuriko yakipita siku chache, anayengoja anashinda. Maji yakikaa miezi, anayengoja anakufa. Homoni ni moja, hatari ni moja, na ushauri unategemea ni mafuriko gani mababu wa mmea huo walizoea.

## Njaa au kiu

Ukame nao una wanaofunga mlango mapema na wanaobahatisha.

Mwaka 2002 na 2003 kusini-magharibi mwa Marekani kulikuwa na ukame uliokausha misonobari ya pinyon kwa wingi wa kutisha, ilhali mireteni iliyosimama jirani nayo, kwenye udongo uleule, mingi ilipona. Pinyon hufunga stomata upesi, haivumilii maji yake kushuka. Mreteni huziacha wazi muda mrefu zaidi na kuvumilia mishipa yake ya maji kuvutwa kwa nguvu kubwa. Mwenye tahadhari ndiye aliyekufa.

Maelezo yaliyotolewa na watafiti mwaka 2008 yalizua mjadala mrefu: aliyejifunga anaweza kufa njaa, kwa kuwa hatengenezi chakula, asiyejifunga anaweza kufa kiu, kwa kuwa safu ya maji ndani ya mishipa yake hukatika na kuingia viputo. Njia mbili hizo huchanganyika pia, na kwa pinyon wadudu wa magome walikuja kumalizia mti uliodhoofika.

Nilikaa sana na habari hiyo. Maisha yangu yote nimesifu tahadhari.

## Kuhusu "kilio cha mimea"

Lazima niseme jambo hapa kwa sababu kila niliyemsimulia habari hizi aliniletea. Mwaka 2023 kikundi cha Lilach Hadany, cha Chuo Kikuu cha Tel Aviv, kilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba minyanya na mitumbaku iliyonyimwa maji au kukatwa shina hutoa milio mifupi, makumi kwa saa, kwenye kilohezi 40 hadi 80, juu ya uwezo wa sikio la binadamu unaokomea kwenye 20. Mimea isiyo na shida hutoa chini ya mmoja kwa saa.

Vichwa vya habari vikasema mimea inalia.

Utafiti ni mzuri. Neno ndilo linaloniudhi. Maelezo yanayoelekea zaidi ni viputo vile vya ndani ya mishipa, safu ya maji ikikatika. Goti langu likilia ninapoinuka, silalamiki, ni goti. Nashangaa tunavyokuwa wepesi kuupa mmea kilio, ambacho haukukifanya, na wazito kuupa kazi ambazo unazifanya kweli: kujifunga, kujipoza, kubadili rangi, kurefuka upande mmoja ili upinde. Au kukumbuka. Mwaka 2012 watafiti wa Nebraska walikausha *Arabidopsis*, wakainywesha, wakaikausha tena mara kadhaa. Ile iliyokwisha kupata shida ilipoteza maji polepole zaidi mara zilizofuata, na baadhi ya jeni zake ziliitika kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Ikipumzishwa takriban wiki, ilirudi kuwa kama haijawahi kukauka.

Kusahau nako, nadhani, kuna gharama iliyookolewa. Kukaa macho kila siku ni kula kidogo kila siku.

## Vipele

Nilitoboa matundu mapya kwenye ndoo, makubwa, nikachanganya udongo na mchanga, nikakata mizizi iliyooza. Siku nne za kwanza sikumwagilia kabisa. Nilikuwa nikitoka mchana, nashika jani, narudi ndani. Mara mbili lilikuwa laini saa saba. Nilikaa kwenye ngazi mikono ikiniwasha. Saa kumi na mbili jioni, bila tone la maji yangu, likawa limesimama: mizizi iliyobaki ilikuwa ikilipa deni la mchana. Nikaelewa pia ile siku ya kwanza kabisa. Ningengoja jioni, makala hii isingekuwepo.

Wakati wa kuurudisha kwenye ndoo niliona kitu kwenye shina, inchi mbili juu ya udongo wa zamani: vipele vyeupe, vigumu, vimejipanga kama upele wa joto. Nikajua ni ugonjwa uliotokana na tope. Nikaweka ukucha tayari kuvikwangua.

Mkono ukasita. Nikapiga picha, nikamtumia rafiki yangu.

"Usiguse," akaandika. "Hiyo ni mizizi. Ile ya chini ilipozama, mwenzio ulianza kuchipusha mingine juu ya maji."

Nilihesabu vipele 23. Nikauzamisha mmea kwenye udongo mpya hadi vikafunikwa vyote, nikashindilia kidogo kwa kiganja, nikamwaga kikombe kimoja. Juzi nilifukua upande mmoja kwa kijiti. Kimoja kimefika urefu wa kidole, na kimeota nywele.